Kutoka Sofi hadi Faru wa Fedha: Wanyama Katika Sarafu za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Sarafu za fedha zenye picha za wanyama zilifika mwambao wa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na zilikuta soko linalojua pesa yake. Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili: madini meupe yanayong'aa, na kitu cha kununulia na kulipa. Pwani ya Bahari ya Hindi maana hizo zilikaa pamoja kwa muda mrefu. Ujiji zilichelewa kukutana, kwa kuwa mji huo uliuza na kununua kwa nguo na shanga, na mnyama aliyekuwa na thamani kubwa kuliko wote, tembo, hakuwa picha juu ya pesa. Alikuwa bidhaa yenyewe.

Richard Burton na John Speke walipowasili Ujiji Februari 1858 walikuta gulio la samaki, chumvi, mawese, mbuzi, watumwa na pembe za ndovu. Pembe zilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, na zilibebwa mabegani kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo. Kutoka pwani walirudi wapagazi na nguo za merikani na kaniki, bunduki, baruti na shanga. Nguo ilihesabiwa kwa doti, yaani shuka mbili, mikono minane. Kwa ununuzi wa kila siku doti ilikuwa kubwa mno: mtu hawezi kukata nguo nzima ili anunue dagaa wa chakula cha jioni. Pengo hilo lilizibwa na shanga.

Shanga ya Ujiji iliitwa sofi. Ilikuwa ndefu kuliko ushanga wa kawaida, mfano wa kipande cha mti wa kiko kilichovunjika, na ilitungwa ishirini ishirini katika uzi mmoja. Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone na kurudi tena 1876, aliieleza kama pesa halisi ya soko. Edward Hore, mmisionari aliyefika 1878, aliona jambo lenye uzito zaidi: kiasi cha sofi kilichotolewa kwa doti moja hakikuwa cha kudumu. Msafara mkubwa ukiingia na mizigo ya nguo, nguo ilishuka. Nguo zikiadimika, ilipanda. Watu wa Ujiji, kwa maneno mengine, walikuwa na sarafu ndogo, walikuwa na kiwango cha kubadilisha, na walikuwa na soko lililokipanga kiwango hicho kila siku. Wanaoandika kwamba pesa iliingizwa ziwani na wakoloni wanakosea. Kilichoingizwa na wakoloni ni madini yenye chapa ya serikali.

Pwani wakati huo ilitumia reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Upande wake wa pili ulikuwa na tai mwenye vichwa viwili, ndege wa nembo ambaye hakuna aliyewahi kumwona angani. Wafanyabiashara wakubwa wa Ujiji, kama Mwinyi Kheri na baadaye Mohamed bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, waliijua vizuri, maana madeni yao ya Unguja yalihesabiwa kwa reale. Ila mvuvi wa Ujiji hakuwa na haja nayo. Reale moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko mahitaji yake ya siku nyingi.

Mnyama wa kwanza wa Afrika kuchorwa kwenye sarafu ya fedha ya eneo hili alikuwa simba. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake mwaka 1890, yenye uzito na ubora sawa na rupia ya India iliyokuwa imeshazoeleka pwani: gramu 11.66, fedha safi kwa sehemu 917 katika kila 1000. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi ya Kilatini. Upande mwingine ulikuwa na nembo ya kampuni: simba amesimama mbele ya mnazi. Pamoja nayo ilitolewa sarafu ndogo ya shaba nyekundu iliyoitwa pesa, yenye maandishi ya Kiarabu ili isomeke kwa watu waliojua herufi hizo. Kwa miaka kadhaa, basi, kampuni moja ilizungumza na watu kwa Kilatini juu ya fedha na kwa Kiarabu juu ya shaba.

Simba huyo hakuwekwa kwa mapenzi ya simba. Alikuwa alama ya umiliki, kama muhuri unaopigwa juu ya gunia. Hilo lilionekana wazi Ujiji baada ya Wajerumani kuweka kituo chao cha kijeshi mwaka 1896, na baada ya kodi ya nyumba kuanza kutozwa mwaka 1898. Kwa nyumba za vijijini kodi ilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Mwanzoni iliruhusiwa kulipwa hata kwa mazao au kazi, lakini lengo lilikuwa rupia. Mtu aliyetaka rupia hakuweza kuzitunga kwenye uzi. Ilimbidi auze kitu kwa mwenye nazo au afanye kazi ya mshahara. Ndivyo sofi ilivyokufa. Haikushindwa sokoni. Ilikataliwa mezani kwa mtoza kodi.

Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani, uliokuwa umechukua haki ya kutoa sarafu kutoka kwa kampuni, ulibadilisha hesabu. Rupia ambayo awali ilikuwa na pesa 64 sasa ikawa na heller 100. Simba na mnazi wake waliondolewa, na mahali pao pakawekwa thamani ya sarafu ndani ya shada la majani. Mabadiliko hayo yamebaki katika ulimi kuliko katika makabati ya wakusanyaji. Leo mtu wa Mwanga au Gungu akisema hana hela, anataja heller ya mwaka 1904. Akisema hana pesa, anataja sarafu ya shaba ya mwaka 1890, ambayo nayo ilirithi jina la paisa ya India. Dala, jina la zamani la shilingi tano lililozaa daladala, linatokana na neno dola, ambalo nalo lilitokana na thaler, jina ambalo Wazungu waliiita reale ya Maria Theresa.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na miezi sita baadaye vita vikaanza. Manowari za Uingereza zilifunga bahari, sarafu mpya zikakoma kufika kutoka Ujerumani, huku askari na wapagazi wakitaka malipo. Noti za karatasi zilizochapishwa kwa haraka hazikuaminiwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1916, karakana ya reli mjini Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha kufulia sarafu. Zilifuliwa heller 20 na heller 5 kwa shaba ya manjano na shaba nyekundu, yakiwemo mabaki ya maganda ya mizinga. Halafu ikafuliwa sarafu moja ya dhahabu ya rupia 15, na juu yake akawekwa tembo.

Tembo wa Tabora anastahili kutazamwa kwa makini. Amesimama ameinua mkonga kana kwamba analia, nyuma yake kuna mlima, na chini umeandikwa mwaka 1916. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Zilitoka sarafu zipatazo 16,000 tu, kila moja ya zaidi kidogo ya gramu 7. Kwa ufundi ni kazi ya kustaajabisha, maana ilifanywa na karakana iliyozoea kutengeneza mabehewa. Na kwa maana yake, ilikuwa mara ya kwanza mnyama wa nchi hii kuchongwa juu ya sarafu ndani ya nchi yenyewe. Nembo ya simba na mnazi ilibuniwa Berlin na kupigwa huko huko. Tembo huyu alizaliwa kandokando ya njia ile ile ambayo pembe za Ujiji zilikuwa zimepita kwa vizazi.

Maisha yake yalikuwa mafupi. Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi tarehe 26 Julai 1916. Siku mbili baadaye majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na Septemba 19 yakaingia Tabora. Kiwanda cha sarafu kikafungwa. Meli iliinuliwa kutoka majini baadaye na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, lakini sarafu ya tembo haikurudi. Leo inauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ambayo familia nyingi za Kigoma hazingeweza kuilipa.

Wabelgiji walikaa Kigoma hadi 1921, na hata walipoondoka walibakiwa na haki za bandari, zilizojulikana kama Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa njia hiyo faranga iliendelea kugusa mikono ya mabaharia na makuli wa gati. Ng'ambo ya ziwa, Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, sarafu za Kongo ya Wabelgiji zilipata tembo wao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 ilitoka faranga 2 ya shaba ya manjano yenye pembe sita, iliyofuliwa Philadelphia kwa kuwa Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Ujerumani. Mwaka 1944 ikatoka faranga 50 ya fedha, gramu 17.5, nusu yake fedha safi, iliyofuliwa Pretoria, Afrika Kusini. Katika sarafu za fedha zilizokusudiwa kwa matumizi ya kawaida kandokando ya Ziwa Tanganyika, hiyo ndiyo iliyombeba mnyama wa porini kwa ukubwa na uzuri zaidi.

Upande wa Tanganyika, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919. Baada ya florin iliyotolewa 1920 na kuachwa haraka, shilingi ilianza 1921, nayo ikamrudisha simba: amesimama, milima nyuma yake, na upande wa pili sura ya mfalme George wa Tano. Fedha iliyokuwemo ilikuwa robo tu. Robo hiyo nayo ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1940, ndipo shilingi zikaanza kufuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli usio na fedha hata chembe. Simba alibaki pale pale. Kwa mara ya kwanza picha ya mnyama ilikuwa na nguvu kuliko madini iliyochorwa juu yake.

Zaidi ya simba yafaa kutazama sarafu ndogo za senti 5 na senti 10 za enzi hiyo, zile zenye tundu katikati. Tundu hilo liliwarahisishia watu kuzitunga kwenye kamba, kama sofi zilivyotungwa zamani. Kando ya tundu palichorwa pembe za ndovu zilizopinda. Biashara iliyoujenga Ujiji, iliyowatajirisha watu wa mwambao na wa bara na kuwaua tembo kwa maelfu, ilibaki kuwa pambo la senti kumi. Na pambo lilikuwa pembe, siyo tembo.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, na sarafu zake za kwanza zikatoka mwaka huo zikiwa zimebuniwa na Christopher Ironside, mchongaji Mwingereza. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Mwalimu Julius Nyerere na maneno Rais wa Kwanza. Upande mwingine, shilingi ilibeba Mwenge wa Uhuru, sumni, yaani senti 50, ikabeba sungura, senti 20 ikabeba mbuni, na senti 5 ikabeba samaki. Mwaka 1977 ikaongezwa senti 10 yenye punda milia. Wanyama hawa hawakuwa nembo ya mtawala. Sungura ndiye mjanja wa hadithi za jioni, na kumweka yeye kwenye sumni badala ya simba ulikuwa uamuzi wenye maana katika nchi iliyotoka kwenye ukoloni. Lakini samaki wa senti 5 alikuwa sulisuli, samaki wa bahari. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga, wanaovua migebuka na dagaa kwa taa usiku, walipokea malipo yao kwa samaki ambaye ziwa lao halinaye.

Sarafu za ukumbusho za fedha, zile zinazofuliwa kwa ajili ya kutunzwa na siyo kutumiwa dukani, zilitokana na mkondo mwingine kabisa: ule wa kulinda wanyama. Mwaka 1961 ulikuwa wa uhuru na pia wa hifadhi: Septemba mwaka huo Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwamba nchi ingewalinda kama urithi wa watoto wa watoto, na mwezi huo huo shirika la WWF likaanzishwa Uswisi. Ziwani kazi ilikuwa imeshaanza. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe katika pori lililokuwa la akiba tangu 1943. Mtafiti Toshisada Nishida alianza utafiti wake wa sokwe huko Mahale mwaka 1965. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale mwaka 1985.

Mwaka 1974 WWF na umoja wa kimataifa wa hifadhi ya mazingira, kwa kushirikiana na kiwanda cha sarafu cha Ufalme wa Uingereza, walianza mfululizo wa sarafu za hifadhi katika nchi nyingi. Kila nchi ilitoa sarafu mbili za fedha na moja ya dhahabu, na sehemu ya mapato ilikwenda kwenye kazi ya kulinda wanyama. Tanzania ilitoa shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru mweusi, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Zile zilizong'arishwa kwa uangalifu kwa ajili ya wakusanyaji zilikuwa za fedha ya sehemu 925 kwa 1000. Twiga alikuwa na gramu 28.28, faru gramu 35. Wakati huo dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa shilingi 7 na senti kidogo, kwa hiyo shilingi 50 hazikuwa pesa ndogo. Mwaka 1986, WWF ilipotimiza miaka 25, ikaja shilingi 100 ya fedha yenye tembo na mtoto wake, na ya dhahabu ya shilingi 2,000 yenye chozi, ndege mdogo wa msituni.

Kutoka simba wa kampuni hadi faru wa 1974 maana ya picha iligeuka juu chini. Simba wa 1890 alitangaza kwamba nchi imeshachukuliwa. Faru wa 1974 aliomba asichukuliwe. Hilo ni badiliko kubwa, na ni haki kulitambua. Lakini sarafu haikuweza kufanya kazi ya askari wa wanyamapori. Katika miaka ya 1970 na 1980 faru wa Tanzania waliuawa kwa ajili ya pembe hadi wakabaki wachache kabisa. Tembo nao walipungua vibaya, ikabidi serikali iendeshe Operesheni Uhai mwaka 1989, mwaka ule ule ambao mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Ujangili ulirudi baadaye: sensa ya 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 nchini, na ile ya 2014 ikahesabu wapatao 43,000.

Kipimo kizuri cha safari nzima ni shilingi 50. Mwaka 1974 ilikuwa gramu 35 za fedha yenye faru, iliyokaa ndani ya kisanduku. Mwaka 1996 Tanzania ilitoa shilingi 50 ya matumizi ya kila siku, nayo ikabeba faru na mtoto wake, kwa madini ya bei ndogo. Namba ni ile ile na mnyama ni yule yule. Katika miaka 22 shilingi ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba sarafu ya wakusanyaji ikawa chenji ya kijana wa dukani, na faru mwenyewe alikuwa ameporomoka pamoja nayo.

Sarafu nyingine za kila siku zina desturi hiyo hiyo: shilingi 100 ina swala, shilingi 200 ya mwaka 1998 ina simba wawili, na shilingi 500 ya mwaka 2014 ina nyati. Ndizo zinazopita leo katika soko la Ujiji na gati la Kibirizi. Wote ni wanyama wa nyika. Sokwe wa Gombe, waliolifanya jina la Kigoma lijulikane duniani, hawamo katika sarafu hizo nne, wala mgebuka, wala kipepeo mmoja wa misitu ya Mahale.

Rupia za simba, heller za Tabora na senti za tundu bado zimo ndani ya masanduku ya nyumba nyingi za mwambao, zikiwa zimerithiwa kwa bibi na babu, na kila mwaka nyingine huyeyushwa na masonara au huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ujiji kuna jumba la makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo mgeni huja kuona mti na mnara wa wasafiri wawili wa Kizungu. Mwenye sarafu hizo asiziyeyushe. Azipeleke pale pamoja na jina la aliyezitunza, na sofi iwekwe mbele ya sarafu hizo.